Maswali Mnayouliza Kuhusu Balozi, Punda Mstaafu wa Hoteli Yetu

Watu wengi wanaopiga simu mapokezi huuliza kwanza kama Balozi yupo, halafu ndiyo waulize bei ya chumba. Yupo. Haendi popote. Maswali yanayojirudia tumeyaweka hapa. Majibu nimeandika mimi ninayemlisha na kumsafisha kwato, na wapishi wameongeza ya kwao, maana jikoni ndiko anakoonekana zaidi ya tunavyopenda.

Balozi ni nani hasa?

Ni punda dume wa rangi ya majivu, ana mstari mweusi unaoshuka mgongoni mzima na mwingine unaokatiza mabegani. Watoto wa Jumapili wanauita msalaba. Miguuni ana michirizi myembamba, ndiyo maana wageni wengine hudhani alichanganya damu na punda milia. Hakuchanganya, michirizi hiyo wanayo punda wengi wa kwetu.

Ukimsogelea utaona mabaka ya nywele nyeupe juu ya mabega na ubavuni. Si rangi aliyozaliwa nayo. Hapo ndipo sogi, yaani tandiko la mizigo, lilipokuwa likimchubua enzi za kubeba maji, na ngozi ya punda ikichubuka sana, nywele zikirudi huota nyeupe. Kwa hiyo historia yake ya kazi unaweza kuisoma mwilini kabla sijakusimulia.

Ana umri gani?

Daktari wa mifugo akimwangalia meno anasema amevuka miaka 20. Punda anayetunzwa vizuri anafika 30 na zaidi, kwa hiyo bado tupo naye.

Aliingiaje kwenye uigizaji?

Alizaliwa kijijini upande wa Bahi, hapa hapa mkoani Dodoma, na kazi yake ya kwanza ilikuwa maji: madumu manne ya lita 20, mawili kila upande, kutoka kisimani hadi nyumbani. Hizo ni kilo 80 bila kuhesabu sogi lenyewe. Kiangazi, visima vya karibu vikikauka, safari inakuwa ndefu na mzigo ni ule ule. Siku za kusaga alipeleka mahindi na uwele mashineni, akafungwa nje kusubiri unga.

Kule mashineni ndiko alikosomea bila kujua. Wapiga picha walipokuja kutafuta punda wa kuigiza, punda wengine wote walikimbia jenereta lilipowashwa. Yeye alisimama pale pale akitafuna. Alishazoea kelele za mashine ya kusaga, na kichwani mwake kelele za injini maana yake ni kwamba muda si mrefu mtu atatoka na pumba. Akachukuliwa siku hiyo hiyo.

Ameigiza nini?

Matangazo, video za nyimbo, na michezo ya runinga. Karibu kila mara alikuwa punda wa mchota maji, kazi aliyoijua kuliko mwigizaji yeyote aliyekuwa naye pale. Kanisani amembeba Mariamu wakati wa Noeli, na ametembea kwenye maandamano ya Jumapili ya Matawi, ambako alikuwa akila matawi ya watu wa mstari wa mbele mpaka wakajifunza kuyainua juu ya kichwa.

Mara moja alipewa nafasi ya punda aliyekufa njiani. Alitakiwa kulala tu. Walimbembeleza, walimtandikia majani, mmoja akalala chini kumwonyesha. Alisimama akimwangalia yule mtu kwa makini sana. Walipokata tamaa na kuanza kufungasha vifaa, akatafuta palipo na vumbi jingi, akajiangusha na kugaagaa miguu juu. Mpiga picha aliwahi kuwasha kamera, lakini punda anayegaagaa anaonekana ana raha kupita kiasi kuwa maiti. Ile sehemu ikaandikwa upya: punda akapona.

Wageni wanaopenda filamu huniuliza kama alikuwa na kipaji. Kwa maoni yangu alikuwa nacho, na kilikuwa kipaji cha kusubiri. Kazi ya filamu ni kusubiri jua litoke, wingu lipite, pikipiki inyamaze. Watu walikuwa wakigombana kwa uchovu. Yeye alikuwa anashusha mdomo wa chini na kusinzia kwa miguu mitatu, wa nne ameuegemeza kwenye ncha ya ukwato.

Kwa nini alistaafu?

Kazi yake ya mwisho ilikuwa ya usiku, taa kali, barabara ya changarawe. Katikati ya njia akasimama na hakutaka kuendelea. Walivuta, walisukuma, walisema ni ubishi wa punda. Asubuhi yake daktari alipoinua mguu wa mbele akakuta jipu ndani ya ukwato. Alikuwa ametembea nalo siku kadhaa bila kuchechemea kwa kiasi cha mtu kugundua.

Naomba hili lieleweke vizuri, kwa sababu punda wengi wanapigwa kwa kutoeleweka kwake. Punda anaficha maumivu. Akiogopa, mara nyingi hakimbii kama farasi. Anasimama, anatathmini, anakataa kwenda mbele mpaka aridhike. Tunachokiita ubishi mara nyingi ni woga, au ni maumivu. Ukiona punda amegoma, angalia kwato, angalia chini ya sogi, angalia anachokitazama. Fimbo haitakuambia lolote.

Mmiliki wake wa wakati huo alikubali kutuachia. Tangu hapo hajabeba dumu wala kuelekezewa kamera kwa malipo.

Kwa nini wapishi wenu hawatamki neno "kata"?

Kwenye filamu, mwongozaji akisema "kata!" kamera zinazimwa, na mtunzaji wa Balozi alikuwa na desturi ya kumpa konzi ya maganda ya karanga kila tukio likiisha. Akajifunza: kata, karanga. Baada ya muda alikuwa anatoka mwenyewe kwenye tukio anaposikia neno hilo na kwenda mfukoni mwa yule kijana.

Alipohamia kwetu, mpishi mkuu alisema "kata kitunguu" na dirisha la jikoni likajaa kichwa cha punda. Akasema "kata nyama", kichwa kikarudi. Siku hizi jikoni kwetu vitunguu vinamenywa na kupasuliwa, nyama inachanjwa, na mfanyakazi mpya anafundishwa hivyo siku ya kwanza kabla hajaonyeshwa majiko yalipo.

Ila hatuwezi kuwafundisha wageni wote. Tulikuwa na harusi bustanini, watu wamependeza, maharusi wamesimama mbele ya keki, na MC akaanza kuwapandisha watu mzuka: kata! kata! kata! Bustani nzima ikaitikia. Balozi alikuwa nyuma ya uzio, umbali wa kutosha. Sijui kama kuna siku maishani mwake aliwahi kuahidiwa karanga nyingi kiasi kile. Alinyanyua kitasa cha geti kwa mdomo, akaja kwa mwendo wa kawaida kabisa katikati ya zulia jekundu, akapita kati ya meza za wazee, akasimama baina ya bibi harusi na matroni wake. Hakugusa keki. Alinusa mfuko wa koti la bwana harusi, akanusa mfuko wa pili, kisha akabaki akimtazama usoni.

MC alinyamaza. Bibi harusi ndiye aliyecheka kwanza, akaagiza karanga ziletwe, na Balozi alipopewa akakubali kuongozwa kurudi kwake. Picha ya maharusi na punda wa kati imetundikwa mapokezi, kwa ruhusa yao. Geti sasa lina mnyororo, na kila MC anayekuja kwetu anaombwa aseme "keki ipasuliwe". Wanalalamika kwamba halina mdundo. Tunawaelewa, lakini tunaomba hivyo hivyo.

Ni yeye anayelia alfajiri?

Ndiyo. Pamba za masikio zipo mapokezi, bure.

Punda hutoa sauti akivuta pumzi na akiitoa pia, ndiyo maana kilio chake kinasikika kama pampu ya mkono yenye kutu. Sauti hiyo inafika hata kilomita tatu. Mababu zake waliishi nyika kavu ambako malisho ni haba na kila mmoja yuko mbali na mwenzake, kwa hiyo walihitaji kuitana kutoka mbali. Balozi huanza baada ya adhana ya kwanza, hujibiwa na punda wa vijiji vya jirani mmoja baada ya mwingine, na mazungumzo yanakwisha kabla jua halijachomoza. Vyumba vya upande wa shamba la zabibu ndivyo vilivyo mbali naye. Ukitaka usingizi mrefu, omba huko.

Je, anapiga mateke? Si wanasema shukrani ya punda ni mateke?

Methali ni ya zamani na punda ndiye aliyeonewa. Teke la punda ni jibu la kushtuliwa kutoka mahali asipoona. Macho yake yako pembeni mwa kichwa na anaona eneo kubwa, lakini moja kwa moja nyuma ya mkia haoni. Usipite hapo. Mwendee kutoka mbele kwa pembeni, upande wa bega, ukiongea. Wageni kutoka vijijini humwamkia "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, na masikio yake hugeuka mara moja, kwa sababu ndiyo salamu aliyokua nayo. Nyoosha mkono ukiwa wazi, mwache anuse kwanza. Akikubali atakupapasa vifungo vya shati kwa mdomo wa juu, kimoja kimoja. Akigeuza kichwa, amesema hapana, na jibu lake linaheshimiwa hapa hata na wageni waliolipa chumba cha bei ya juu.

Katika miaka yake yote hapa hajampiga mtu teke.

Mtoto wangu anaweza kumpanda kidogo tu?

Hapana. Hata kidogo tu, hata mtoto mwepesi, hata kwa picha. Mgongo ule umemaliza kazi. Tunajua mzazi anaahidi mtoto njiani na mtoto anafika akilia, na inatuuma. Badala yake mtoto anaweza kumpiga brashi shingoni, na amini usiamini, wengi wanasahau kabisa habari ya kupanda.

Anakula nini? Tumletee zawadi gani?

Chakula chake ni kile ambacho ng'ombe wa maziwa angekidharau: majani makavu, mabua ya mahindi, mabua ya uwele, na matawi ya miti ya porini anayochagua mwenyewe. Tumbo la punda limeumbwa kwa nyuzinyuzi nyingi na sukari kidogo. Mkimpa chakula kitamu kila siku ananenepa, mafuta yanajikusanya shingoni, na baadaye kwato zinavimba kwa ndani kiasi cha kushindwa kusimama. Kwa hiyo hakuna mkate, ugali, biskuti, soda wala miwa.

Zawadi nzuri ni karoti moja iliyopasuliwa kwa urefu, au ganda la ndizi. Maganda ya karanga anapewa na sisi, kwa kipimo.

Zabibu ndizo vita yetu kubwa. Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, na misimu yote miwili Balozi anajua kabla ya mkulima. Anasimama kwenye uzio wa shamba akivuta harufu, mdomo wa juu ameukunja mpaka meno yote yanaonekana. Wageni hudhani anacheka na kupiga picha. Usimchumie. Zabibu zina sukari nyingi, na aliwahi kuingia usiku mmoja akala mistari miwili. Daktari alikaa naye mpaka mchana.

Nimeacha makabrasha yangu mezani barazani na sasa hayapo.

Swali hili linakuja zaidi kuanzia Aprili hadi Juni, Bunge la bajeti linapokuwa limejaza mji na hoteli zote zina wageni wenye mafaili. Karatasi ni nyuzinyuzi. Kwa Balozi ni chakula halali kilichoachwa wazi. Tafadhali ingieni nayo ndani, na kama umebaki ukurasa hata mmoja, tuleteeni tuone alikula wino wa aina gani na kama kulikuwa na pini.

Riziki ni nani?

Ni punda jike, mdogo kuliko yeye, mweusi kidogo. Hajawahi kuigiza. Aliletwa kwa sababu punda hawezi kuishi peke yake akawa sawa. Hufunga urafiki na mwenzake mmoja na wakitenganishwa anaweza kuacha kula. Punda akiacha kula, mwili unaanza kuyeyusha mafuta yake kwa kasi, yanajaa kwenye damu, ini linashindwa, na anaweza kufa kwa siku chache. Kwa hiyo Balozi akipelekwa kutibiwa, Riziki anapanda gari moja naye ingawa hana ugonjwa wowote. Watu wa barabarani hutuuliza mgonjwa ni yupi. Kwa kawaida Riziki ndiye anayeonekana kuumwa, maana hapendi gari.

Wageni wanaoondoka wanamsifia Balozi. Mimi nikiulizwa nani ana akili zaidi, ni Riziki. Hata kufungua kitasa, Balozi alijifunza kwake.

Mbona mvua ikianza tu anakimbilia bandani?

Manyoya ya punda hayazuii maji kama ya farasi. Yakilowa yanalowa mpaka ngozini na anapata baridi. Mvua zetu ni za Desemba hadi Aprili, na matone ya kwanza yakigusa bati yeye na Riziki wameshafika. Julai usiku, baridi ya Dodoma ikishika, tunawaongezea mabua ya kutosha, maana punda hupata joto tumbo linapomeng'enya nyuzinyuzi.

Ni kweli punda wanachinjwa kwa ajili ya ngozi?

Ni kweli, na hili halina utani hata kidogo. Ngozi ya punda huchemshwa kutoa gundi inayotengenezewa dawa ya asili ya Kichina iitwayo ejiao. Mahitaji yalipopanda, wanunuzi wakaja Afrika. Tanzania ilikuwa na machinjio ya punda, mojawapo hapa hapa Dodoma. Bei ikapanda, wizi ukafuata. Familia ililala na punda ikaamka na kamba.

Watu wa mjini hawaoni haraka maana ya hilo. Punda anabeba mimba karibu miezi 12 na kuzaa mtoto mmoja; ukichinja wengi kwa mwaka mmoja huwezi kuwarudisha kama mbuzi. Na punda akiondoka, madumu manne hayaondoki. Yanahamia kichwani kwa mama na kwa binti ambaye saa hiyo alitakiwa kuwa darasani.

Tanzania ilipiga marufuku uchinjaji huo, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, wakiwa Addis Ababa, wakapitisha marufuku ya kuchinja punda kwa ajili ya ngozi kwa bara zima. Ni hatua kubwa. Mimi naipokea kwa moyo wote, na bado usiku nafunga banda kwa kufuli mbili.

Zaidi ya hapo tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Kumpiga mnyama wa kazi hadi kidonda au kumzidishia mzigo si shauri la mwenye punda peke yake. Ukiona, mwambie afisa mifugo wa kata.

Tunaweza kumkodi kwa filamu, kampeni au maandamano ya Matawi?

Filamu, hapana. Kampeni za chama chochote, hapana, hata kwa kusimama tu pembeni ya bango. Makanisa tunayapenda, lakini lami ya mjini ni ngumu kwa kwato zake. Tunaweza kuwaelekeza kwa wenye punda vijana na kuja kuwaonyesha namna ya kuwaongoza bila fimbo.

Atakapokufa mtafanya nini?

Watoto huuliza hili kuliko watu wazima, kwa hiyo tunajibu wazi. Atazikwa hapa, chini ya mbuyu ambako anapenda kujikuna. Kabla ya hapo Riziki ataachwa akae naye mpaka yeye mwenyewe aondoke, kwa sababu punda anayenyimwa kumwona mwenzake aliyekufa huendelea kumtafuta na kumwita. Na tutamtafutia mwenzake mapema.

Tunafikaje?

Kutoka Dar es Salaam, treni ya SGR ndiyo rahisi, kisha teksi au bajaji. Mwambie dereva unakwenda kwa punda. Wengi wanajua.

Kofia yangu ya ukili imeliwa. Mnalipa?

Tunalipa. Tunanunua kofia kwa mkupuo pale Soko la Majengo na kuziweka mapokezi, kwa hiyo utapata nyingine siku hiyo hiyo. Lakini tuambie mapema, hata kama hutaki kofia. Punda hawezi kutapika, na kama ilikuwa na utepe wa plastiki, kifungo au waya ukingoni, nahitaji kujua kabla ya jioni ili nikeshe naye na kuangalia kinyesi.